Matangazo ya dawa za cheti kwenye televisheni: maswali ninayoulizwa dirishani

Mimi ni mfamasia, nafanya kazi Marekani, mtaa wenye Waswahili wengi: Watanzania na Wakenya, na kwa wingi zaidi Wakongomani na Warundi waliokuja kama wakimbizi. Haipiti wiki bila mtu kufika dirishani kwangu na jina la dawa aliyoiona kwenye televisheni. Foleni ikiwa ndefu namjibu kwa maneno mawili, na nikirudi nyumbani roho inanisuta kwamba sikumweleza vizuri. Hapa nimejipa nafasi. Ndugu walioko nyumbani nao nimewafikiria, maana matangazo haya siku hizi yanawafikia kwa YouTube na kwa makundi ya WhatsApp.

Dawa ya cheti ni ipi?

Ni ile ambayo sheria hairuhusu uuziwe mpaka daktari, au mtaalamu mwingine mwenye kibali, akuandikie. Dawa ya kichwa unajichukulia rafuni. Dawa ya presha na antibiotiki za kumeza lazima ziandikwe. Marekani mgawanyo huu uliwekwa na sheria ya mwaka 1951, na sababu yake ni kwamba dawa hizi zinataka mtu akupime kwanza: unaumwa nini hasa, figo na ini lako vikoje, unameza nini kingine, una mimba au huna.

Wengi wetu tumekulia mazoea tofauti. Unaingia duka la dawa, unataja jina, unafungiwa kwenye karatasi, unalipa, unaondoka. Sheria za Tanzania na Kenya nazo zinadai cheti, ila kaunta nyingi hazikiulizi. Nalitaja hili mapema kwa sababu mtu aliyezoea kununua dawa kwa kuitaja jina ndiye ambaye tangazo linamkuta mlango wazi.

Kwa nini Marekani inaruhusu matangazo haya wakati nchi nyingine zimeyakataza?

Kati ya nchi tajiri, zinazoruhusu kampuni kumtangazia mgonjwa dawa ya cheti kwa jina lake na kazi yake ni mbili tu: Marekani na Nyuzilandi. Umoja wa Ulaya umekataza kwa sheria yake ya mwaka 2001 kuhusu dawa, na mwaka uliofuata Bunge la Ulaya lilikataa hata pendekezo la kulegeza kidogo kwa magonjwa matatu: ukimwi, pumu na kisukari.

Marekani haikuamka siku moja ikaamua kuruhusu. Ilifika hapo kwa hatua ndogo ndogo. Mwaka 1962, baada ya dawa ya thalidomide kusababisha maelfu ya watoto Ulaya na kwingineko kuzaliwa na viungo pungufu, Bunge la Marekani lilikaza sheria, na usimamizi wa matangazo ya dawa za cheti ukapelekwa FDA, mamlaka ya chakula na dawa. Enzi hizo matangazo yaliwalenga madaktari, kwenye majarida yao. Kumtangazia mgonjwa halikuwa jambo ambalo mtu alilifikiria, kwa hiyo hakuna aliyelikataza.

Mwaka 1981 kampuni ya Merck ikatangaza chanjo yake ya nimonia kwenye jarida la Reader's Digest, linalosomwa na watu wa kawaida. Mwaka 1983 kampuni ya Boots ikapeleka tangazo televisheni, la dawa ya maumivu iitwayo Rufen. FDA ikashtuka, ikaziomba kampuni zisimame, ikaondoa ombi hilo mwaka 1985. Hata baada ya hapo televisheni ilikuwa ngumu, kwa sababu kanuni zilidai muhtasari mrefu wa hatari zote za dawa, na huwezi kuusoma wote ndani ya dakika moja. Agosti 1997 FDA ikatoa mwongozo mpya: taja hatari kubwa kubwa kwa sauti, halafu mwelekeze mtazamaji kwa daktari, kwenye namba ya simu ya bure, jaridani au kwenye tovuti akapate zilizobaki. Hapo ndipo bwawa lilipobomoka. Mwaka 1997 kampuni zilitumia takriban dola bilioni 1.3 kuwatangazia wagonjwa dawa za cheti. Mwaka 2016 zilikuwa bilioni 6.

Kuna na Katiba. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu iliamua, katika kesi iliyohusu famasi za jimbo la Virginia, kwamba tangazo la biashara nalo linalindwa na uhuru wa kusema. Tangu hapo kila anayetaka kupiga marufuku matangazo haya anajua ataishia mahakamani. Chama cha Madaktari cha Marekani kiliomba marufuku mwaka 2015. Matangazo yanaendelea.

Tangazo likishaonekana televisheni, si ina maana serikali imelikagua?

Hapana, na hili ndilo kosa ninaloliona kwa watu wengi kuliko yote, wasomi kwa wasiosoma. Dawa yenyewe hukaguliwa kabla ya kuuzwa. Tangazo lake, kwa kawaida, halikaguliwi kabla ya kurushwa. Kampuni inatakiwa kulituma FDA siku linapoanza kutumika. FDA ikiona limepotosha, huandika barua, na barua ikifika tangazo limeshaonekana sebuleni kwa watu wiki kadhaa. Septemba 2025 Rais Trump alisaini waraka wa kutaka usimamizi ukazwe, na FDA ikatangaza kwamba inatuma maelfu ya barua kwa kampuni na inataka kufuta ile nafuu ya mwaka 1997. Kanuni hubadilika polepole. Wewe usisubiri.

Mbona madhara yanasomwa haraka, na picha inaonyesha watu wanafurahi?

Siku moja punguza sauti kabisa uangalie picha peke yake. Bibi anakanda unga na wajukuu. Mzee anarusha tiara ufukweni. Mbwa anakimbia kwenye majani mabichi, jua la jioni, kila mtu ana meno meupe. Sasa zima picha usikilize sauti: kutokwa damu ndani ya mwili, maambukizi makali, saratani ya aina fulani, mawazo ya kujiua, kifo. Vyote viwili ni tangazo moja, na vimepangwa vije pamoja. Jicho likishika furaha, sikio hupitwa na maneno.

Kwetu kuna uzito wa ziada. Tangazo ni la Kiingereza, au Kihispania. Nimeshaona mtoto wa darasa la tano akimtafsiria bibi yake maneno ambayo hata mimi ilinibidi niyasomee. Alitafsiri "stroke", yaani kiharusi, kama "kuchoka". Simlaumu mtoto.

Novemba 2023 FDA ilitoa kanuni ya kutaka maelezo ya hatari kwenye televisheni na redio yasomwe kwa lugha nyepesi, kwa mwendo unaoeleweka, na kwa upande wa televisheni yaandikwe kwenye skrini wakati huohuo yanaposomwa, bila picha au muziki wa kumvuruga mtazamaji. Kampuni zilipewa mwaka mzima kujipanga, na tangu Novemba 2024 lazima zifuate. Ni hatua nzuri. Mbwa bado anakimbia.

Jambo moja la kukumbuka: orodha ndefu ya madhara haimaanishi dawa ni mbaya, wala orodha fupi haimaanishi ni salama. Maudhi madogo madogo kama kichefuchefu na kinywa kukauka yanasomwa kwa pumzi moja na hatari za kufa mtu, na hakuna anayekuambia lipi linampata mtu mmoja kati ya kumi na lipi mmoja kati ya elfu kumi. Hilo ndilo la kumuuliza mfamasia.

Mbona tangazo jingine halitaji dawa yoyote?

Kuna aina tatu. La kwanza linataja dawa na ugonjwa wake, na hilo lazima liseme na hatari. La pili linataja jina la dawa tu bila kusema inatibu nini, na kwa kuwa halijadai lolote, haliwajibiki kutaja hatari. La tatu linazungumzia ugonjwa tu, "ongea na daktari wako", jina la dawa hakuna. Hilo la tatu linafanana na tangazo la wizara ya afya, kumbe mara nyingi limelipiwa na kampuni yenye dawa ya ugonjwa huo. Baada ya Viagra kuruhusiwa mwaka 1998, kampuni yake, Pfizer, ilimtumia Bob Dole, aliyekuwa amegombea urais miaka miwili nyuma, kuzungumza televisheni kuhusu upungufu wa nguvu za kiume. Dawa hakuitaja. Hakukuwa na haja.

Wanasema dawa inapunguza hatari kwa asilimia 36. Si nyingi hiyo?

Nakuomba usome jibu hili taratibu, maana ukilielewa hili moja utakuwa umejikinga na nusu ya matangazo yote.

Lipitor, dawa ya kushusha mafuta kwenye damu, ilitangazwa kwa maandishi makubwa kwamba inapunguza hatari ya shambulio la moyo kwa asilimia 36. Pembeni ya namba kulikuwa na kinyota, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, maelezo ya kinyota: katika utafiti mkubwa, wagonjwa asilimia 3 waliomeza kidonge kisicho na dawa walipata shambulio la moyo, na waliomeza Lipitor ni asilimia 2.

Sasa tuwapange watu kwenye mabenchi. Chukua wagonjwa 100 wa aina hiyo, wenye presha na hatari nyingine za moyo. Wasipomeza dawa, kwa miaka kama mitatu, watatu watapata shambulio. Wakimeza wote 100 kila siku kwa muda huohuo, watapata wawili. Aliyeokolewa ni mmoja. Wengine 97 wasingepata shambulio hata bila dawa, na wawili wamelipata pamoja na dawa. Kutoka watatu kwenda wawili ni kupungua kwa theluthi hivi, na ukitumia namba kamili kabla ya kukadiriwa ndipo unapata ile 36. Hakuna uongo hapo. Ila "mmoja kati ya mia" na "asilimia 36" haviingii moyoni kwa namna moja, na kampuni ilichagua kipi kiandikwe kwa herufi kubwa.

Dawa hizi za mafuta ni dawa nzuri. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo anafaidika nazo zaidi ya huyo niliyemtaja, na tafadhali mtu asiache yake kwa sababu yangu. Ninachotaka ni uulize hivi kila unaposikia asilimia: kati ya watu mia kama mimi, wangapi wataumwa bila dawa, na wangapi wataumwa wakiitumia?

Yule daktari kwenye tangazo ni daktari kweli?

Wakati mwingine ni mwigizaji. Wakati mwingine jibu lina utata. Lipitor hiyohiyo, kuanzia mwaka 2006, ilitangazwa na Robert Jarvik, mtu anayejulikana kwa moyo wa bandia uitwao Jarvik-7. Alikuwa amesoma udaktari, lakini hakuwa na leseni ya kutibu wagonjwa. Tangazo lilionyesha mtu akipiga makasia ziwani kwa nguvu za ajabu, na anayepiga makasia hakuwa yeye, alikuwa mtu mwingine aliyewekwa badala yake. Wabunge walipoanza kuhoji, Pfizer, wenye Lipitor pia, iliyaondoa matangazo hayo Februari 2008.

Dawa inayotangazwa sana si ndiyo iliyothibitika zaidi?

Mara nyingi ni kinyume. Inayotangazwa sana ni mpya, ina ulinzi wa hataza, na kampuni ina miaka michache ya kurudisha fedha zake kabla wengine hawajaruhusiwa kuitengeneza. Dawa mpya ndiyo ambayo madhara yake ya muda mrefu hayajajulikana bado. Dawa kongwe ya presha ya dola chache haina mtu wa kuilipia tangazo.

Kuna utafiti uliochapishwa Januari 2023 ulioangalia dawa 73 zilizotangazwa zaidi televisheni kati ya mwaka 2015 na 2021 na kuzilinganisha na tathmini za mashirika ya Kanada, Ufaransa na Ujerumani yanayopima dawa mpya inaongeza nini juu ya zilizopo. Dawa 53 kati ya hizo 73 zilionekana kuongeza kidogo tu.

Na lazima nimtaje Vioxx, hata kama wengi mlikuwa bado hamjafika nchi hii. Iliruhusiwa mwaka 1999 kwa maumivu ya viungo. Ubora wake ulikuwa mmoja wa kweli: iliumiza tumbo kidogo kuliko dawa nyingine za maumivu, kwa hiyo ilikuwa na maana kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo. Kwa kupunguza maumivu yenyewe haikuzishinda zile za bei rahisi. Mwaka 2000 Merck, kampuni iliyoitengeneza, ilitumia zaidi ya dola milioni 160 kuitangaza kwa wananchi, kuliko Pepsi ilivyotangazwa mwaka huo, kuliko bia ya Budweiser. Dorothy Hamill, bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye barafu, alionekana akiteleza tena bila maumivu, na watu wa kila aina wakaenda kuiomba, wakiwemo wengi ambao matumbo yao yalikuwa mazima.

Mwaka huohuo wa 2000 utafiti ulionyesha mashambulio ya moyo mengi zaidi kwa waliotumia Vioxx kuliko waliotumia dawa kongwe ya maumivu, naproxen. Kampuni ilieleza kwamba naproxen ndiyo inayolinda moyo. Dawa ikaendelea kuuzwa na kutangazwa. Tarehe 30 Septemba 2004 Merck iliiondoa sokoni yenyewe, baada ya utafiti mwingine kuonyesha kwamba ukiitumia zaidi ya miezi 18 hatari ya shambulio la moyo na kiharusi inakuwa kama mara mbili. Wamarekani kama milioni 20 walikuwa wameshaitumia. Mwaka 2007 kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 4.85 kumaliza maelfu ya kesi, bila kukiri kosa.

Bila matangazo, Vioxx ingekuwa dawa ya watu wachache wenye vidonda vya tumbo, na hatari yake ingewagusa wachache. Hilo ndilo linaloniuma mimi kama mfamasia.

Nikimtajia daktari jina la dawa, ataniandikia tu?

Uwezekano ni mkubwa kuliko unavyodhani. Mwaka 2005 lilichapishwa jaribio ambalo hadi leo nalisimulia kila ninapopata nafasi. Wanawake waliofunzwa kuigiza walipelekwa kwa madaktari 152 katika miji mitatu: San Francisco, Sacramento na Rochester. Madaktari walikuwa wamekubali kwamba siku moja watatembelewa na wagonjwa wa kuigiza, ila hawakujua ni nani wala lini. Wengine waliigiza sonona kamili, ule ugonjwa wa huzuni nzito. Wengine waliigiza huzuni ya kupitia siku mbaya, mtu asiye na kazi tena na mgongo unamuuma, hali ambayo kwa kawaida dawa ya sonona haihitajiki. Kisha kila kundi liligawanywa: walioomba dawa moja kwa jina wakisema wameiona televisheni, walioomba dawa kwa jumla bila jina, na wasioomba chochote.

Wenye huzuni ya kawaida wasipoomba chochote, asilimia 10 tu waliandikiwa dawa ya sonona. Wakiomba kwa jumla, 39. Wakitaja jina la tangazo, 55. Yaani zaidi ya nusu waliandikiwa dawa ambayo pengine hawakuihitaji, kwa sababu walilitaja jina.

Tazama sasa upande wa pili. Wenye sonona kamili, wanaohitaji kweli matibabu, wakinyamaza ni asilimia 31 tu walioandikiwa dawa. Wakitaja jina, 53. Wakisema kwa jumla, "nimesikia kuna dawa za hali kama hii, unaonaje?", 76.

Kwa hiyo kunyamaza mbele ya daktari kunaumiza, na sisi tumelelewa kunyamaza mbele ya daktari. Tunaona ni adabu. Lakini aliyesaidiwa zaidi katika jaribio lile ni aliyesema shida yake na kuuliza, bila kutaja jina la dawa yoyote.

Basi niseme nini?

Mama mmoja wa Kigoma alinijia ameshika simu. Alikuwa ameipiga picha televisheni, jina la dawa limekaa katikati ya skrini na mwanga wa taa umeakisi pembeni. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Naitaka hii." Ilikuwa sindano ya kisukari. Nikamuuliza vipimo vyake vikoje. Vilikuwa vizuri, vidonge vyake vya kisukari, metformin, vinamtosha, daktari ameridhika. "Sasa mama, hii unaitakia nini?" Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia miguu inawaka moto usiku, halali, na mwanamke wa kwenye tangazo alikuwa anatembea.

Alikuwa na maradhi ya neva za miguu, jambo linalowapata watu wenye kisukari cha muda mrefu. Na mtu anayetumia metformin miaka mingi anaweza pia kupungukiwa vitamini B12, inayoleta hali hiyohiyo, na kipimo chake ni cha damu tu. Sindano ya kwenye picha haikuwa ya kazi hiyo. Angeingia kwa daktari na ile picha, zile dakika kumi na tano zingeisha kwenye kujadili sindano na bima yake, na miguu isingetajwa. Tuliandika pamoja kwenye karatasi: miguu inawaka, tangu lini, saa ngapi za usiku, nimejaribu nini. Akaenda na karatasi.

Fanya hivyo na wewe. Beba dawa zako zote kwenye mfuko, na za kienyeji pia. Usione aibu, mwarobaini na mlonge vinaweza kugongana na dawa na daktari anahitaji kujua. Eleza kinachokusumbua. Ukitaka kuuliza kuhusu tangazo, uliza, lakini mwishoni, na kwa namna hii: "Nimeiona hii. Inafaa kwa hali yangu? Inaongeza nini juu ya ninayotumia? Nisipotumia chochote itakuwaje?" Na dai mkalimani. Hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu ya Marekani zinapaswa kukupa mkalimani bure, usimtumie mtoto.

Bei mbona hawaitaji?

Serikali iliwahi kujaribu. Mwaka 2019 ilitolewa kanuni ya kulazimisha bei ya orodha ionyeshwe kwenye matangazo ya televisheni kwa dawa zinazozidi dola 35 kwa mwezi. Kampuni zilikwenda mahakamani, zikashinda kabla kanuni haijaanza, na mahakama ya rufaa ikakubaliana nazo mwaka 2020.

Kuhusu zile kuponi za "lipa dola 25 tu": haziruhusiwi kwa mwenye Medicare au Medicaid, bima za serikali za wazee na wenye kipato kidogo, na wengi wenu ndiyo bima mliyonayo. Na kwa mwenye bima ya kazini, kuponi ikiisha bei halisi inarudi. Kabla hujaipenda dawa, niulize mimi kama kuna ya zamani yenye kazi hiyohiyo. Mara nyingi ipo.

Matangazo haya hayana faida hata moja?

Yana faida. Wapo waliogundua kwamba wanachougua kina jina na kina tiba. Wapo waliopunguza aibu ya kuzungumzia sonona au mambo ya chumbani. Mwaka 2002 FDA iliwauliza madaktari, na asilimia 78 walisema wagonjwa wao wanaelewa faida za dawa waliyoiona kwenye tangazo. Walioamini kwamba wagonjwa wanaelewa na hatari zake walikuwa asilimia 40. Pengo hilo la 78 na 40 linatosha kueleza msimamo wangu. Kama lengo ni kuelimisha, wizara za afya na vituo vya afya vinaweza kufanya kazi hiyo bila kuuza.

Nyumbani Tanzania na Kenya sheria inasemaje?

Dawa ya cheti haitangazwi kwa wananchi. Tanzania msimamizi ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu. Hata dawa ya kawaida isiyohitaji cheti inataka kibali kabla ya kutangazwa.

Lakini simu haina mpaka. Mtu anaona Instagram sindano za kupunguza unene, analetewa na bodaboda, ameipokea kwenye mfuko wa nailoni bila barafu. Sindano hizo zinatakiwa kutunzwa kwenye baridi kabla hazijaanza kutumika. Na bandia zipo: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic, sindano ya kisukari inayotumika pia kupunguza unene, za kughushi zilizopatikana Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023. Kama zilipenya huko kwenye ukaguzi mkali, za kwenye mkoba wa muuzaji wa mtandaoni utazijuaje?

Zile karatasi za "nguvu za kiume, asilia asilimia mia" nazo tuziseme. Bidhaa za aina hiyo zimekutwa mara nyingi, zikipimwa, zina sildenafil ndani, dawa ileile ya Viagra, bila kuandikwa. Mzee anayetumia dawa za nitrati kwa maumivu ya kifua akiimeza bila kujua, presha yake inaweza kushuka ghafla akafa. Tafadhali wafikishieni baba zetu habari hii, hata kama mnaona haya.

Nimeona tangazo la mawakili kwamba dawa yangu imeua watu. Niache?

Usiache. Piga simu kwanza. Haya ni matangazo ya upande wa pili: mawakili wanatafuta wateja wa kufungua kesi, na wanatisha kwa ufundi uleule ambao kampuni za dawa zinavutia. FDA imepokea taarifa za wagonjwa walioacha dawa za kuzuia damu kuganda baada ya kuyaona, wakapata madhara makubwa, wengine wakafa. Dawa hizo zina onyo la kisanduku, lile zito kuliko yote, kwamba kuziacha kabla ya wakati kunaongeza hatari ya kiharusi.

Majira ya baridi yaliyopita mzee mmoja wa Bukavu alikuja kuchukua dawa ya mkewe. Nikaona kwenye kompyuta kwamba ya kwake, ya mapigo ya moyo yasiyo sawa, haijachukuliwa na muda umepita. Nikamuuliza. Akasema ameiacha siku nne, kijana wake amemtumia video. Nilimpigia daktari wake palepale, mzee amesimama mbele yangu na kofia mkononi, tukazungumza wote watatu kwa simu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia dawa ile ilikuwa inazuia nini. Aliambiwa jina lake na saa ya kuimeza. Nikamchorea moyo nyuma ya risiti, na donge la damu, na mshipa wa kwenda kichwani. Akaikunja risiti akaitia mfuko wa shati, akaniomba maji, akameza kidonge pale dirishani.